Kidole Chako Kimeandikwa Wapi? Historia fupi, kutoka kipande mpaka kambini



Karibu kila mmoja wetu kwenye kundi hili amewahi kuweka vidole kwenye kile kimashine chenye taa, halafu akaambiwa akodoe macho mbele ya kamera ndogo. Wengi tulifanya hivyo bila kuuliza kitu. Nyuma kuna foleni, mbele kuna mgao, utauliza saa ngapi? Basi leo tuulize pamoja. Kazi hii ya kuandika watu kwa vidole ilianza wapi? Ilimfaa nani? Na kwa nini inatuhusu sisi tuliokimbia kuliko wengine?

Ilianza na kutoaminiana

Mwaka 1858 ofisa mmoja Mwingereza, William Herschel, alikuwa kazini Bengal, India. Alifanya mkataba na mwenyeji aitwaye Rajyadhar Konai, alete vifaa vya kujengea barabara. Herschel hakuona kama sahihi inatosha. Akampaka Konai wino kiganjani, akakigonga kiganja nyuma ya mkataba. Shida yake ilikuwa moja: Konai aogope kuukana mkataba baadaye.

Miaka ilipita, polisi wa Bengal wakabuni namna ya kupanga alama za vidole kwenye makabati ili zipatikane haraka. Mwaka 1901 polisi wa London wakauchukua utaratibu huo. Yaani ulijaribiwa kwanza kwa watu waliotawaliwa, ndipo ukapelekwa Ulaya.

Kipande cha shingoni

Huku kwetu jambo lilikuja kwa jina ambalo babu zetu wa Kenya hawakulisahau: kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikacheleweshwa na Vita Kuu, ikaanza kutekelezwa mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefika miaka 16 alitakiwa kuwa nacho. Kilikuwa karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, siku ya kuanza kazi na siku ya kuachishwa. Karatasi iliwekwa ndani ya kikopo cha chuma chenye kamba, kikaning'inizwa shingoni kama kengele ya mbuzi.

Ubaya wake ulikuwa kwenye sahihi ya mwisho. Bila mwajiri kutia sahihi kwamba amekuruhusu kuondoka, ukiacha kazi wewe ni mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Hata kama ulipigwa, hata kama hukulipwa. Ukikamatwa njiani bila kipande, hapana mchezo, ni faini au jela. Alama zako zilikuwa Nairobi, kwa hiyo kubadilisha jina hakukusaidii.

Watu hawakunyamaza. Harry Thuku na wenzake walipinga kipande pamoja na kodi na kazi za kulazimishwa. Alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi ukafyatuliwa risasi. Serikali yenyewe ilihesabu maiti 21.

Mwaka 1947 ilikuja sheria mpya iliyosema watu wa rangi zote waandikishwe kwa alama za vidole. Unadhani nani alipiga kelele? Walowezi wa Kizungu. Waliona ni aibu kwa mtu mwenye heshima kupakwa wino kama mhalifu. Kumbe kwa Mwafrika miaka yote ile haikuwa aibu! Hapo ndipo tunajifunza kwamba suala la faragha si anasa ya matajiri. Ni suala la nani anahesabiwa kuwa na heshima.

Neno moja kwenye kadi

Sehemu hii naiandika polepole, maana humu tuko na watu ambao hawahitaji kuhadithiwa. Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya 1930, utawala wa Wabelgiji ulitoa vitambulisho vyenye kabila la mtu: Mhutu, Mtutsi, Mtwa. Wabelgiji waliondoka mwaka 1962, lile neno likabaki kwenye kadi. Mwaka 1994 kadi zilezile zikaombwa kwenye vizuizi vya barabarani, na neno moja likaamua nani apite na nani asipite. Baada ya mauaji ya kimbari kabila likaondolewa kwenye kitambulisho.

Hakuna anayesema kwamba kadi ndiyo iliyoua. Watu waliua. Lakini kadi iliwarahisishia. Aliyeandika neno lile ofisini miaka ya 1930 hakujua nani atalisoma miaka 60 baadaye. Ndiyo hoja yangu ya leo: orodha huishi kuliko sababu iliyoiandika, na kuliko ofisa aliyekuahidi kwamba ni salama.

Mashine zafika kambini

Mwaka 2002, HCR ilianza kupiga picha mboni za macho za Waafghani waliokuwa wakirudi kwao kutoka Pakistani, kazi ikianzia Peshawar. Kila aliyerudi alipewa msaada wa pesa, na shirika lilitaka mtu asichukue mara mbili. Mwaka 2013 mfumo mpya wa vidole kumi na macho mawili ukajaribiwa kambi ya Dzaleka, Malawi, ambako wengi ni Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Yaani ndugu zetu walikuwa wa kwanza kuupima. Kutoka Dzaleka mfumo ukasambaa dunia nzima.

Tuseme ukweli, faida ipo. Ukiwa umepoteza karatasi zote msituni, kidole chako ndicho kinachosema wewe ni nani. Hakuna atakayekula mgao wako kwa jina lako. Uganda mwaka 2018, baada ya maofisa kadhaa kusimamishwa kazi kwa tuhuma za kuzidisha idadi ya wakimbizi, serikali na HCR walihakiki watu wote upya kwa vidole na macho. Hesabu ya milioni 1.4 ikashuka hadi milioni 1.1 hivi. Kama idadi ilichezewa na wakubwa, mashine ilisaidia kuonyesha.

Kwa hiyo sisemi tukatae kuandikwa. Asiyeandikwa hana mgao, hana hospitali, hana ulinzi. Nasema tujue kinachoweza kutokea.

Waliolipa bei

Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya. Kambi za Dadaab zilipofunguliwa mwaka 1991 na 1992, na ukame ulipopiga tena na tena, familia za Wakenya Wasomali wenye njaa ziliingia kwenye foleni ya wakimbizi. Wengine walikuwa watoto waliobebwa na mama zao. Walitoa vidole, wakapata unga. Miaka ikapita, wale watoto wakafika 18, wakaenda kuomba kitambulisho cha taifa. Kompyuta ikajibu: huyu ni mkimbizi. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu, kufungua akaunti ya benki wala kuajiriwa. Maelfu ya watu wamekaa hivyo miaka mingi, wageni katika nchi waliyozaliwa. Shirika dogo la huko, Haki na Sheria, ndilo lililokusanya habari zao na kuzipeleka mahakamani na kwa umma.

Bangladesh, Warohingya. Mwaka 2018 HCR na serikali ya Bangladesh walianza kuwaandikisha wote ili wapewe kadi za msaada. Juni 2021 shirika la Human Rights Watch likatoa ripoti kwamba Bangladesh ilizipeleka habari za watu wasiopungua 830,000 kwa serikali ya Myanmar, ileile waliyoikimbia, ili iangalie nani anaweza kurudishwa. HCR ilijibu kwamba watu waliulizwa na wakakubali. Lakini wakimbizi waliohojiwa walisema wengi wao hawakuelezwa hivyo, na risiti waliyopewa, yenye alama ya "ndiyo", iliandikwa kwa Kiingereza. Jiulize: kukubali kwa lugha usiyoisoma, huku mgao ukikungoja mezani, ni kukubali kweli?

Na Januari 2022 Msalaba Mwekundu wa kimataifa uligundua kwamba wadukuzi wameingia kwenye kompyuta zinazohifadhi habari za watu zaidi ya 515,000: familia zilizotengana, waliopotea, waliofungwa. Wengi wetu tumewahi kujaza zile fomu tukitafuta mama au kaka. Hapo hakuna aliyekusudia ubaya upande wa shirika. Kukusanya tu kulitosha kumvutia mwizi.

Wadogo wakiuliza, wakubwa hujibu

Msikate tamaa. Kenya mwaka 2019 serikali ilipoanza kuandikisha watu wote kwa Huduma Namba, Wanubi wakaenda mahakamani kupitia shirika lao, Nubian Rights Forum, pamoja na mashirika mengine ya haki. Wanubi ni wajukuu wa askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudan, na kwa vizazi walizungushwa kuhusu vitambulisho, kwa hiyo walijua kitakachofuata. Januari 2020 Mahakama Kuu ikazuia kuchukua DNA za watu, ikasema mpango uendelee tu kukiwa na sheria za kutosha za kuulinda. Oktoba 2021 ikabatilisha utoaji wa kadi kwa kuwa serikali haikupima kwanza madhara kwa faragha za watu. Jamii ndogo ilisimamisha mashine ya nchi nzima.

Hata mashirika ya misaada yanaweza kusimama. Oxfam mwaka 2015 ilijizuia kutumia alama za vidole na macho mpaka ijue hatari zake. Ilifanya utafiti, na mwaka 2021 ikatoa kanuni zake.

Sheria nazo zipo: Uganda na Kenya tangu 2019, Rwanda tangu 2021, Tanzania tangu 2022. HCR, kwa kuwa ni Umoja wa Mataifa, ina kanuni zake za mwaka 2015 na nyingine za 2022. Humo imeandikwa kwamba una haki ya kuambiwa kwa nini habari zako zinachukuliwa, kuomba kuziona, na kuomba zisahihishwe zikiwa na kosa.

Basi siku ukiitwa tena mezani, uliza kwa heshima: Hiki mnachukua kwa kazi gani? Nani mwingine atakiona? Serikali ya nchi niliyokimbia inaweza kukipata? Nikikataa sehemu moja, mgao wangu utakatwa? Nikikuta kosa, niende ofisi gani?

Nanyi ndugu zetu wa mashirika, msikasirike kijana akiuliza. Kama jibu mnalo, mpeni kwa lugha anayoielewa. Kama hamna, liulizeni juu kabla hamjachukua kidole kingine. Kadi ikipotea inachapishwa nyingine, neno la siri likiibwa linabadilishwa. Kidole ni kilekile mpaka kaburini.