Kivuli Usoni

Ukiambiwa ujichore mwenyewe, utaanza na nini? Mimi nilidhani macho. Macho yasipoonekana, mtu atakujuaje?

Basi siku moja, chumbani kwangu hapa Bagamoyo, mshikaji wangu akaja na kitabu. Ndani mna picha ambayo Rembrandt, yule mchoraji wa Uholanzi, alijichora mwaka 1628. Alikuwa na miaka 22 hivi, rika letu. Picha yenyewe ndogo, haifiki sentimita 23 kwenda juu. Na macho yamezama gizani! Mwanga umegusa shavu na shingo, basi.

Nikahukumu palepale: "Jamaa ana majonzi huyu."

Mshikaji akacheka. "Hebu tazama nywele kwanza."

Nikatazama. Rangi ya mafuta ikiwa bado mbichi, aliikwaruza kwa mpini wa brashi, kila mkwaruzo ukawa unywele unaong'aa. Mtu aliyezidiwa na majonzi atahangaika hivyo?

Nikaazima kioo, nikakaa kando ya dirisha. Nyumba hizi za mawe kuta zake ni nene, mwanga unaingia upande mmoja tu. Nilipogeuka kidogo, macho yangu nayo yakazama. Kumbe! Wala sikuwa na huzuni, nilikuwa kazini. Kivuli kile kimeanzia dirishani. Huzuni tunaileta sisi watazamaji, maana kinatulazimisha tusogee, tumtafute mtu.

Hapo nikawakumbuka wapagazi. Karne ya 19 walifika Bagamoyo kwa maelfu, na misafara ya pembe za ndovu. Picha nyingi za wapagazi zilipigwa na wageni: nyuso zipo, majina hakuna. Tunaziona zimenuna, tunasema walikuwa watu wa huzuni, au wakali. Lakini kamera za enzi zile zilimtaka mtu atulie tuli, na aliyechagua asimame wapi si yeye. Walikuwa na mizigo, kweli, na mateso. Ila hata kicheko chao, kama kilikuwepo, kisingeingia pichani.

Rembrandt alichagua kivuli chake mwenyewe. Wao hawakuulizwa.

Picha yangu haikufanana nami. Sikio limekuwa kama kombe la pwani. Hata hivyo sikuichana. Nyuma yake nimeandika jina langu, mwaka, na upande lilipokuwa dirisha.