Nyumba ya Mraba: Sura ya Fumbo, Kutoka Bao Hadi Simu

Nokia 3310 ilipotoka mwaka 2000 ilikuja na michezo minne: Snake II, Pairs II, Space Impact na Bantumi. Mtaje nyoka mbele ya mtu yeyote wa rika langu hapa Mpanda, atacheka na kukuonyesha kwa kidole gumba jinsi alivyokuwa akimzungusha. Itaje Bantumi, atakutazama tu. Na Bantumi ni ndugu wa bao! Mashimo sita kwako, sita kwa mwenzako, ghala moja kila upande. Unachota kete, unazisambaza. Watu waliokulia kwenye bao waliletewa bao mfukoni, wakaliruka, wakaenda kwa nyoka.

Mjomba wangu alikuwa na simu hiyo. Ni mtu wa kukaa chini ya mwembe na bao tangu adhuhuri hadi magharibi, hasa siku za kusubiri treni. Mji wetu ni mji wa kusubiri treni. Reli ya kutoka Kaliua ilifikishwa huku kwa ajili ya madini ya risasi, na abiria wakairithi. Bantumi aliifungua mara moja, akairudisha simu mfukoni. "Hii inahesabu," alisema, "haichezi."

Jibu la haraka ni kwamba sheria ni tofauti. Ni kweli. Bantumi inafuata Kalah, mchezo uliobuniwa na Mmarekani William Julius Champion miaka ya 1940, na ukiuweka mbele ya bao la Kiswahili lenye mashimo 32 na kete 64, ni mchezo wa watoto. Lakini nyoka naye ana sheria gani za maana? Mimi nadhani tatizo lilikuwa kwenye sura.

Tazama ubao wa bao vizuri. Mashimo karibu yote ni duara, isipokuwa moja kila upande, nyumba, ambalo kwenye mbao nyingi huchongwa mraba. Mchezo unaanza na kete sita ndani ya nyumba, mbili na mbili pembeni yake, na 22 mkononi. Ukiwa umekula, na kete yako ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba ambayo bado ina nguvu, una hiari: ulale pale au uendelee. Hakuna shimo lingine lenye heshima hiyo. Kwa hiyo ule mraba si urembo wa fundi. Ni sheria iliyochongwa. Mgeni asiyejua chochote anaona tu kwamba pale pana jambo. Hata watoto wanaochimba bao mchangani, niliowaona mimi, nyumba waliichimba kubwa kuliko mengine.

Halafu kuna sauti. Komwe ni mbegu ngumu, na zikiangukia kwenye mti kavu unasikia zamu inavyokwenda kabla hujaangalia. Mchezaji hodari anasambaza haraka kiasi kwamba watazamaji wanafuata kwa masikio. Kwenye kioo cha 3310, nukta 84 kwa 48, hivyo vyote viliyeyuka. Hesabu ilibaki salama kabisa.

Kuna atakayenipinga kwa Tetris, na ana haki. Alexey Pajitnov aliitengeneza Moscow mwaka 1984 kwenye kompyuta ya Electronika 60 isiyo na uwezo wa picha. Vipande vilikuwa alama za maandishi tu. Ikateka dunia. Sawa, lakini katika Tetris umbo ndilo fumbo lenyewe. Huwezi kulivua sura ukabaki na kitu. Yaani Tetris inanisaidia mimi zaidi kuliko mpinzani wangu.

Miaka ya karibuni wabunifu wameielewa hoja hii vizuri. Limbo, iliyotolewa mwaka 2010 na Playdead ya Denmark, ni nyeusi na nyeupe tupu, na giza lile linafanya kazi: mtego umejificha humo humo kwenye kivuli unachokisifia. Monument Valley ya mwaka 2014, kutoka ustwo ya London, inaazima majengo yasiyowezekana ya mchoraji Escher. Mafumbo yake ni mepesi, nakiri, na wapo wanaoidharau kwa hilo. Siungani nao. Unazungusha mnara, ngazi mbili zinaonekana kugusana, na kwa kuwa zinaonekana kugusana, basi zimegusana, binti mfalme anapita. Jicho ndilo linaloamua sheria. Fundi wa bao aliyechonga mraba alilijua hili bila kioo wala umeme.

Ndiyo maana programu za bao za simu zinanitia simanzi. Vijana wa stesheni sasa wanasubiri treni kila mtu na kioo chake, na kama bao litawafikia, litawafikia kwa njia hiyo. Anayelitengeneza angeanzia kwenye sauti ya komwe na mwendo wa mkono, ndipo aje kwenye hesabu. Niliyoijaribu juzi ilikuwa na picha nzuri ya mninga nyuma, kete zimegeuzwa namba, na juu ya nyumba imeandikwa 6 kwa rangi nyekundu. Shimo lenyewe lilikuwa duara.