Dalili ya Mvua ni Mawingu: Elimu ya Hali ya Hewa kutoka Kalenda ya Pepo hadi Intaneti

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hapa Kampala akiambiwa aandike insha kuhusu majira ya mwaka, hufungua kitabu akakuta masika, vuli, kipupwe na kiangazi, na pepo mbili kuu, kaskazi na kusi. Huyanakili yote. Lakini akiinua macho na kutazama anga la Nsambya, haoni kipupwe wala kusi. Anaona asubuhi ya jua, mawingu yanayojilimbikiza adhuhuri, na mvua ya radi inayomwagika alasiri mpaka maji yakafurika bondeni kwenye mtaro wa Nakivubo na karibu na Mnara wa Saa. Insha yake inaweza kuwa sahihi kisarufi huku ikizungumzia anga la watu wengine.

Makala haya yanafuatilia kwa ufupi jinsi elimu ya hali ya hewa, mawingu na tabianchi ilivyohifadhiwa na kufundishwa Afrika Mashariki, tangu kalenda ya mabaharia hadi siku hizi ambapo mwanafunzi anaweza kuitafuta kwa simu yake. Swali linalotuongoza ni hili: elimu hiyo imewekwa kwa lugha gani, na ni nani aliyebaki nje ya mlango?

Kalenda ya pepo

Waswahili wa pwani walikuwa na elimu kamili ya anga kabla ya kipimajoto kufika. Kaskazi, upepo utokao kaskazini mashariki, huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, nao ulileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi hushika zamu katikati ya mwaka na kuyarudisha. Kati ya zamu hizo kuna masika, kipupwe chenye baridi, demani na vuli. Nahodha aliyekosea hesabu hakupoteza alama za mtihani. Alipoteza chombo, au alikaa bandari ya ugenini hadi pepo zigeuke.

Hesabu yenyewe haikufuata mwezi mwandamo, kwa kuwa mwezi huo hauendi sambamba na majira. Mwaka wa jua ulianzia siku ya Nairuzi, na siku zake zikahesabiwa kwa miongo, yaani makundi ya siku kumi kumi. Sherehe ya Mwaka Kogwa, inayofanyika Makunduchi, Unguja, kila Julai, ni mabaki hai ya hesabu hiyo. Mwalimu anayefundisha neno 'mwongo' kwa maana ya miaka kumi tu anaacha nusu ya historia yake.

Maneno hayo yalipanda bara pamoja na misafara. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim anatajwa kufika katika ikulu ya Kabaka Suna mwaka 1844. Wageni hao hawakukuta watu wasiojua anga. Waganda walikuwa na ttoggo, mvua za Machi hadi Mei, na ddumbi, mvua za nusu ya pili ya mwaka. Upinde wa mvua waliuita musoke, na radi ilikuwa na mwenyewe, Kiwanuka. Chanzo cha mvua za pwani na za bara ni kimoja, yaani ukanda wa mvua unaofuata jua linapovuka ikweta mara mbili kwa mwaka. Ndiyo maana masika na ttoggo huangukia miezi ileile. Hata hivyo Kampala ina jambo lake: ziwa. Mchana upepo wa ziwani huingia nchi kavu na kuinua mawingu juu ya vilima; usiku pepo hugeuka, zikakutana juu ya maji na kuzaa dhoruba za alfajiri zinazowakuta wavuvi. Hilo halimo katika kalenda ya kaskazi na kusi, na halikupata msamiati wake katika vitabu vyetu vya Kiswahili.

Vituo, madaftari na Kiingereza

Huko Uingereza, mwaka 1802, mfamasia wa London aitwaye Luke Howard alitoa mhadhara akayapa mawingu majina ya Kilatini: sirasi, lililo kama unywele, kumulasi, lililo kama lundo, stratasi, lililo kama tabaka, na nimbasi, la mvua. Mwaka 1896 ikachapishwa Atlasi ya Kimataifa ya Mawingu, yenye aina kumi zilizojengwa juu ya majina hayo. Mwaka huohuo wa 1896 ndipo vipimo vya kina cha Ziwa Viktoria vilipoanza kuandikwa. Tangu hapo anga na maji ya nchi hizi yakaingia katika madaftari.

Nsambya nayo ilikuwa ikibadilika. Mlima huu, unaobeba jina la mti wa nsambya wenye maua ya manjano, ulikabidhiwa wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill waliofika mwaka 1895, na mwaka 1903 ikaanzishwa hospitali ambayo bado inahudumia wagonjwa. Baadaye zikaja nyumba za wafanyakazi wa reli, ambayo ilifika Kampala mwaka 1931, pamoja na kambi ya polisi. Kwa hiyo kilima kimoja kilibeba lugha tatu: Kiganda cha kanisani na sokoni, Kiingereza cha ofisini, na Kiswahili cha kambini na relini. Anayedai kwamba Kiswahili ni mgeni Kampala aanzie hapo kuuliza.

Mwaka 1929 una maana ya pekee kwetu. Ndipo serikali za kikoloni zilipoanzisha Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki ya Kiingereza, makao yake yakiwa Nairobi na mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Albert Walter, aliyetoka Mauritius. Kilimo cha kuuza nje kilihitaji takwimu za mvua, na usafiri wa anga ulihitaji utabiri. Ndege za Imperial Airways zilianza kufika eneo la ziwa mwaka 1931. Mwaka huohuo wa 1929 Kabaka Daudi Chwa alipinga hadharani mpango wa serikali wa kukifanya Kiswahili lugha rasmi na ya elimu nchini Uganda, na maaskofu nao walikuwa upande wa upinzani. Hofu yao ilikuwa na sababu: waliona Kiswahili kikija pamoja na walowezi wa Kenya na mpango wa kuziunganisha nchi bila ridhaa ya wenyeji. Lakini matokeo yalikuwa kwamba elimu mpya ya anga ilipoingia Uganda iliandikwa kwa Kiingereza, na hapakuwa na lugha ya eneo zima ya kuipokea.

Kejeli ya historia ni kwamba Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930 na kusimamia kamusi sanifu ya mwaka 1939, ilihamia Makerere mwaka 1952 na kukaa hapo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ofisi ya kusanifu Kiswahili ilikuwa kilima cha pili kutoka mjini, huku shule nyingi za Uganda hazikifundishi.

Thamani ya madaftari ilionekana baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 1961. Ziwa Viktoria lilipanda mfululizo hadi Mei 1964, kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.41. Mei 2020 kikasoma mita 13.42, na vijiji vya mwambao vikaingiwa na maji. Tunaweza kuzilinganisha nyakati hizo mbili kwa sababu tu kuna watu waliokwenda kusoma kipimo kila siku na kuandika.

Kuvunjika kwa 1977

Baada ya uhuru idara ya hali ya hewa ilibaki ya pamoja, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1967. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikaanza na idara yake. Uganda ilikuwa katika msukosuko, na vituo vingi vya mvua viliacha kuandika hadi katikati ya miaka ya 1980. Mapengo hayo bado yanawasumbua wanaochunguza tabianchi: huwezi kurudi nyuma kupima mvua iliyokwisha kunyesha.

Kwa upande wa lugha njia ziliachana pia. Tanzania ilikuwa ikitangaza utabiri kwa Kiswahili, na kwa kufanya hivyo ikajenga mtindo maalumu wa lugha. Uganda iliendelea kwa Kiingereza, kisha ikaanza kutafsiri utabiri wa misimu kwa lugha za wenyeji. Mamlaka yake ya taifa ya hali ya hewa iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Wakala wa Tanzania, ulioanzishwa 1999, ulifanywa mamlaka mwaka 2019.

Mlango wa intaneti

Intaneti ilipofika, maktaba ya anga ilifunguka. Mradi wa Kamusi ulioanzia Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994 uliwapa wanafunzi wa Kiswahili kamusi ya kwanza waliyoweza kuifikia bila kubeba kitabu. Mwaka 1995 Marekani ilianzisha programu ya GLOBE, ambayo wanafunzi wa nchi nyingi hutazama mawingu, hupima mvua na kutuma matokeo yao. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Mwaka huohuo kituo cha Nairobi kilichoanzishwa mwaka 1989 kufuatilia ukame kilipata jina la ICPAC. Ndicho kinachowakutanisha wataalamu wa Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki kutoa mwelekeo wa misimu, kazi iliyoanza mwaka 1998. Mwaka 2017 Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliiweka Atlasi ya Mawingu kwenye mtandao pamoja na picha zake, bila malipo.

Kwa mwalimu wa lugha, hazina hizi hazilingani. Atlasi ni bora kwa picha, lakini maelezo hayako kwa lugha yetu. Masomo ya mtandaoni ya MetEd yana mafunzo mazuri, mengi kwa Kiingereza, Kihispania na Kifaransa. Wikipedia ya Kiswahili ina ujasiri wa kuunda maneno, kama 'halihewa' na 'usimbishaji', ambayo yanafaa kujadiliwa darasani kabla ya kukubaliwa. Chanzo tunachokipendekeza zaidi ni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Humo mwanafunzi atakutana na Kiswahili kinachofanya kazi: mawingu kiasi, mvua katika maeneo machache, vipindi vya jua, wastani hadi juu ya wastani. Ni lugha fupi isiyo na mapambo, nayo huandikwa kwa ajili ya mtu anayekwenda shamba au baharini.

Neno moja linapokosewa

Tuchukue mifano mitatu. Kwanza, 'hali ya hewa' na 'tabianchi'. Hali ya hewa ni ya leo au ya wiki hii. Tabianchi ni mwenendo wa miaka mingi, kwa desturi 30 au zaidi. Magazeti mengi yameandika 'mabadiliko ya hali ya hewa' kwa maana ya pili. Msomaji anajibu, kwa haki kabisa, kwamba hali ya hewa hubadilika kila siku, kwani kuna jipya gani? Hoja nzima imeanguka kwa sababu ya istilahi.

Pili, ngazi za onyo. Tanzania hutofautisha angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Katika mazungumzo ya kawaida maneno haya hukaribiana. Katika taarifa, ni hatua tatu za hatari. Mfasiri anayeyachanganya ili kuepuka kurudiarudia amefuta ngazi.

Tatu, na hili ni la kwetu: umeme, radi na ngurumo. Mganda wengi hulijua neno umeme kama jina la kampuni iliyosambaza nishati hiyo kuanzia 2005 hadi 2025. Akisikia 'mvua yenye umeme' anaweza kucheka au kufikiria nyaya. Lakini radi si mchezo katika nchi hii. Tarehe 28 Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo. Umeme ni ule mwanga, ngurumo ni ule mlio, radi ndiyo inayopiga. Mtoto akijua kwamba ngurumo ikisikika radi inaweza kumfikia, amejifunza jambo kubwa kuliko ngeli.

Hitimisho

Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Watoto watakaokisoma wengi hawatauona Bahari ya Hindi utotoni mwao. Tukiwapa kaskazi na kusi peke yake, tutakuwa tunafundisha lugha ya mahali pengine, na hofu ya mwaka 1929 itapata sababu mpya. Tukiyaacha maneno hayo, tutakuwa tumekata mizizi.

Tunapendekeza njia ya kati inayowezekana muhula huu. Kila kundi la wanafunzi liandike daftari la anga kwa wiki nne: aina ya wingu kwa msaada wa atlasi, saa ya mvua, upande wa upepo, na neno la Kiganda au la lugha ya nyumbani kando ya lile la Kiswahili. Penye pengo, waulize wazee, waulize askari na wanareli wastaafu wa Nsambya, kisha ndipo waunde neno. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mawingu hayasomwi na asiyefundishwa majina yake.