Inchi Mbili Juu

Kijana wa Los Angeles akilipenda gari lake, hulishusha. Kijana wa Ngara au Biharamulo akilipenda la kwake, hulipandisha. Ukiwauliza sababu, wote wawili watakuambia ni muonekano, na wote watakuwa wamesema nusu ya ukweli. Nusu nyingine iko kwenye sheria, kwenye mipaka, kwenye kodi na kwenye hali ya barabara.

Tuanze na wa mbali, maana historia yake imeshaandikwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana wa California wenye asili ya Mexico walikuwa wakinunua Chevrolet zilizokwishatumika. Wengine walikata springi, wengine walipakia mifuko ya mchanga kwenye buti, ili gari lilale karibu na lami na litembee taratibu, watu walione. Tarehe 1 Januari 1958 jimbo lilianza kutumia sheria iliyokataza sehemu yoyote ya gari kuwa chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Mwaka uliofuata kijana mmoja, Ron Aguirre, alifunga pampu za haidroliki kwenye Corvette yake, akaweza kulipandisha na kulishusha akiwa amekaa kwenye kiti. Askari akitokea, gari linapanda. Akishapita, linashuka. Gari lile linalodunda ambalo sote tumeliona kwenye video za muziki lilizaliwa na mvutano kati ya kijana na askari.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia, na kwetu ni Nyamahanga. Kwa hiyo swali lilinijia lenyewe: IST iliyopandishwa, ile inayopita pale kijijini ikiacha vumbi jekundu, nayo ikisomwa hivyo, itatueleza nini?

Tuitazame kwanza kama ilivyo. Toyota IST ilitoka Japani mwaka 2002, imejengwa juu ya msingi wa Vitz, na ilikusudiwa vijana wa mjini. Mwaka huohuo Toyota walitoa Probox, gari la kazi la kubebea mizigo ya makampuni. Kwa sura hazifanani hata kidogo, lakini chini ya boneti zinatumia injini za ukoo mmoja, za cc 1,300 na cc 1,500. Ndiyo maana fundi aliyejifunza moja ameijua na nyingine, na kipuri cha moja mara nyingi huokoa nyingine. Wabunifu wa Toyota waliwatenganisha kijana wa mjini na mfanyakazi wa ghala. Huku kwetu mafundi wamewarudisha kwenye gereji moja.

IST ikitoka kiwandani tumbo lake liko kama sentimita 15 kutoka ardhini. Kwenye lami nzuri zinatosha. Kwenye njia iliyochimbwa na maji ya masika, ambako tairi hupita kwenye mifereji miwili na katikati hubaki tuta, sentimita 15 ni kugonga sampo na kumwaga oili. Wa kwanza kufikiriwa ni tairi. Ukitoa zile za 185/65 za rimu ya 15 ukaweka za 195/65, kila tairi linanenepa, lakini gari linapanda milimita sita na nusu tu, na spidi mita inaanza kukudanganya kwa kama asilimia 2. Kwa hiyo fundi huenda kwenye spesa: kipande cha mpira mgumu au cha chuma kinachowekwa juu ya shokapu na springi, gari likanyanyuka inchi moja au mbili. Hapo ndipo mapenzi yanapoanza kudai gharama. Vyuma vinavyopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi tairi za mbele vinakaa kwa pembe ambayo havikuundiwa, na viungo vyake huchoka mapema. Alaimenti inabidi irudiwe. Taa za mbele zinawapiga machoni wanaokuja. Baada ya hapo ndipo yanafuata ya kupendeza: rimu, ngao, taa za ziada, vioo vya giza, spika zinazotikisa buti.

Sasa, IST ilifikaje huku? Jibu la haraka ni bei. Jibu refu linaanzia mwaka 1919, wakati Milner kwa upande wa Waingereza na Orts kwa upande wa Wabelgiji walipogawana Afrika Mashariki ya Wajerumani. Ruanda na Urundi zikaenda kwa Wabelgiji, Tanganyika ikabaki kwa Waingereza. Bugufi, nchi iliyokuwa chini ya mwami wa Burundi, ikaangukia upande wa Tanganyika, na pamoja na Bushubi ndiyo wilaya ya Ngara ya leo. Waliochora mstari ule hawakuwa wakiwaza magari. Lakini Waingereza waliendesha kushoto, Wabelgiji kulia, na hadi leo Ngara ina milango miwili ya nchi, Rusumo na Kabanga, ambako kila dereva anayevuka hubadili upande wa barabara. Kwenye daraja jipya la Rusumo, lililozinduliwa na marais Magufuli na Kagame Aprili 2016, malori hufanya hivyo mchana na usiku.

Wajapani nao huendesha kushoto. Huko kwao gari binafsi likishatimiza miaka mitatu hukaguliwa kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi una gharama, kwa hiyo wengi huliuza likiwa bado zima. Gari lenye usukani wa kulia lililochokwa na mtu wa Osaka linafaa moja kwa moja kwa mtu wa Biharamulo. Kama Milner na Orts wangechora mstari wao kilomita chache mashariki zaidi, babu zetu wa Bugufi wangeendesha kulia.

Hata hivyo mlango wa nchi haukuwa wazi siku zote. Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, fedha za kigeni ziliadimika. Ulifika wakati magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, ili kuokoa mafuta. Kipuri kilikuwa kitu cha kutafutiwa mjuano. Enzi hizo kubadili gari hakukuwa anasa. Ulifunga ulichopata, na gari likaendelea kutembea na viungo vya magari matatu. Mwaka 1984 serikali ilianza kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na taratibu magari ya mitumba yakaanza kumiminika. Kodi ikafanya yaliyobaki: hupanda kadiri injini inavyokuwa kubwa na gari linavyozeeka. Kijana mwenye mshahara wa kwanza, au aliyeuza kahawa na mahindi misimu kadhaa, hesabu zake zinamsukuma kwenye gari dogo. Ndiyo maana mtaani tunasoma namba za magari kama miaka ya kuzaliwa. Namba A ni mzee, namba D ni wa juzijuzi, namba E ameingia leo.

Kuna ukoo mwingine wa mapenzi haya ambao vijana wengi hawaujui. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yaliitwa East African Safari. Hayakuwa ya uwanjani. Yalikuwa ya matope, mito na vumbi, kwenye barabara zilezile za kila siku. Mwaka 1966 na 1967 yalishindwa na dereva aliyeishi Tanzania, Bert Shankland, pamoja na Chris Rothwell, kwa Peugeot 404, gari la familia. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imeshiriki Safari iliyotangulia mikononi mwa dereva mwingine. Kwa lugha yetu, walishinda kwa mtumba. Mwaka 1974 Joginder alishinda tena, safari hii kwa Mitsubishi Lancer, kigari kidogo cha cc 1,600. Magari hayo yalikuwa na bamba la chuma chini ya injini, ngao mbele, taa za ziada na shokapu ngumu. Itazame tena IST ya Nyamahanga: bamba, ngao, taa, shokapu. Huo ni urithi wa Safari, hata kama mwenye gari hajawahi kulisikia jina la Shankland.

Tabaka la mwisho ni la hapahapa. Mwisho wa Aprili 1994, ndani ya saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda. Kambi ya Benaco ikawa mji, na Ngara ikajaa magari meupe ya mashirika, marefu, yenye antena za redio zinazopepea. Kambi za Wanyarwanda zilifungwa mwishoni mwa 1996, lakini kizazi kizima cha watoto wa Ngara kilikuwa kimeshajifunza kwamba gari la mtu wa maana liko juu na lina antena. Halafu ikaja miaka ya ujambazi, magari yakivuka misitu ya Biharamulo kwa msafara, yakisindikizwa na askari wenye silaha. Katika msitu ule gari lililopasua sampo halikuwa usumbufu. Lilikuwa hatari ya maisha. Kutoka Lusahunga hadi Rusumo ni kilomita 92 za lami ambayo malori ya kwenda Rwanda na Burundi yameitafuna mwaka hadi mwaka, na nje ya lami hiyo njia nyingi ni za udongo. Nani angeshusha gari hapo?

Mpaka hapa ningeweza kumaliza kwa sifa. Lakini kuna jambo ambalo kila fundi wa huku analijua. Kaka yangu wa upande wa mama alipoipeleka IST yake ikapandishwe, fundi alimwambia: "Bosi, inchi mbili utapita popote. Ila ukishuka mlima, kumbuka breki ni zilezile."

Kauli hiyo ndiyo kiini cha historia yote hii. Kaka hufanya anachofanya kwa kupenda. Lakini springi ngumu na spesa ni hizihizi zinazofungwa kwenye michomoko, vile vigari vya abiria ambavyo kwa watu wengi wa vijijini ndiyo basi pekee. Viti ni vitano, watu wanaweza kufika kumi, mmoja akiwa amekaa ubavuni mwa dereva kwenye kiti kilekile. Watu watano wa ziada wenye kilo 60 kila mmoja ni kilo 300, kwenye gari lenye uzito wa kama kilo 1,000. Gari la kiwandani lingeinama nyuma, na kuinama kule kungekuwa onyo kwa dereva, kwa abiria na kwa trafiki. Lililopandishwa halinami. Linasimama wima kana kwamba limebeba watu watano. Springi zimeongezewa nguvu ya kubeba, breki hazikuongezewa nguvu ya kusimamisha, na kituo cha uzito kimesogea juu. Ngara ni milima. Mteremko mmoja mrefu na kona moja vinatosha.

Ningependa kusema kwamba basi magari haya yarudishwe chini. Lakini kaka huyohuyo huamshwa usiku wa mvua, mama mjamzito ameshikwa na uchungu, bodaboda haifai, na gari la wagonjwa liko mbali. IST ya kiwandani ingekwama kwenye tuta la kwanza. Ya kwake hufika. Nimewahi kumuuliza kama hulipisha safari hizo. Akanijibu, "Mdogo wangu, utamlipisha nani, mtoto?"

Inchi zilezile zinazomfikisha mama hospitali ndizo zinazoficha uzito wa watu kumi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweza kumkamata aliyezidisha abiria, lakini haijui kumpa kijiji barabara. Nadhani kosa letu ni kujadili vijana na magari yao kana kwamba jambo lenyewe ni tabia. California ilishughulika na urefu wa magari, ikapata haidroliki. Sisi tukishughulika na spesa peke yake tutapata ujanja mwingine. Anayetaka magari yashuke na aanze na tuta la katikati ya njia. Na wakati tuta linasubiri greda, anayepandisha gari na aambiwe ukweli ambao fundi yule alimwambia kaka, kisha azigeukie breki kwa upendo uleule alioupa rimu.

Kwa mwanafunzi wa historia kuna jambo moja limebaki. Niliomba nione kadi ya ile IST. Imeandikwa rangi, namba ya chesisi, namba ya injini, ujazo wa injini, aina ya mafuta, mwaka wa kutengenezwa, idadi ya viti na uzito. Mtafiti wa miaka hamsini ijayo akiipata kadi hiyo atajua kila kitu alichofanya Mjapani. Alichofanya mtu wa Nyamahanga hakimo. Inchi mbili hazikuandikwa popote, na fundi aliyezifunga hana daftari. Ndiyo maana nimeziandika hapa.