Mitaa ya London na Paris: Nani Alinyoosha, Nani Alihama

Mara ya kwanza nilipotembea katika kitovu cha kale cha London, eneo liitwalo City, nilipotea mara mbili kabla ya adhuhuri. Njia hujikunja, husinyaa, kisha hugeuka uchochoro unaokutokeza nyuma ya kanisa. Paris haikunipoteza: barabara zake kuu ni kama zilizochorwa kwa rula. Wanafunzi wangu huhitimisha upesi kwamba Wafaransa walijua kupanga mji na Waingereza hawakujua. Historia yasema vingine.

Mnamo Septemba 1666 moto uliteketeza nyumba zipatazo 13,200 za London. Siku chache baadaye Christopher Wren alimfikishia Mfalme Charles II ramani ya mji mpya wenye barabara pana zilizonyooka. Ujuzi, basi, ulikuwepo. Kilichokosekana ni fedha za fidia na nguvu ya kumlazimisha mwenye kiwanja. Charles, ambaye baba yake alikatwa kichwa mwaka 1649 baada ya kushindwa vita na Bunge, hakuwa mfalme wa kuwapokonya wafanyabiashara ardhi yao. Sheria ya 1667 iliagiza matofali na mawe badala ya mbao na kupanua baadhi ya njia. Sehemu kubwa ya mji ikainuka palepale ilipoangukia. Ndiyo maana hadi leo ipo Bread Street, mtaa wa mkate, na Milk Street, mtaa wa maziwa.

Paris hukutana na majina ya vita: Rivoli, Sébastopol. Huko, kuanzia 1852, ujenzi mkubwa wa barabara uliweza kuidhinishwa kwa amri ya mtawala peke yake. Mwaka uliofuata Napoleon III alimkabidhi kazi hiyo Haussmann, aliyeishika hadi mwanzoni mwa 1870. Tusifanye haraka kumlaani. Kipindupindu kilikuwa kimeua maelfu mwaka 1832 na tena 1849, na mifereji ya maji taka iliyojengwa chini ya barabara zake ilikuwa neema ya kweli. Lakini mtawala alikuwa na hofu nyingine pia: mwaka 1830 na 1848 wananchi walikuwa wameziba mitaa myembamba kwa mawe na mikokoteni, na serikali zikaanguka. Barabara pana hupitisha hewa. Hupitisha na jeshi.

Katika kisiwa cha Cité, moyo wa Paris, maelfu ya wakazi waliondolewa. Kodi za pango zikapanda, na mafukara wakasukumwa pembezoni, kama Belleville. Mwaka 1871, wakati wa Komuni ya Paris, vizuizi vilijengwa tena mitaani, na Belleville ilikuwa miongoni mwa ngome za mwisho kuanguka.

Je, London iliyomwogopa mwenye kiwanja ilimhurumia mpangaji? Hapana. Ilipopasua New Oxford Street katikati ya mabanda ya St Giles na kuifungua mwaka 1847, wenye majengo walilipwa. Wapangaji walibeba virago wakahamia Church Lane, hatua chache tu kutoka hapo, wakarundikana katika vyumba ambavyo tayari vilikuwa vimejaa watu.