Cong: Kijiji chenye Mfereji Usio na Maji

Urithi wa mahali hauishii katika majengo ya wafalme. Kitazame kijiji kidogo cha Cong, katika kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ayalandi. Kijiji hiki kiko kwenye ukanda mwembamba wa ardhi baina ya maziwa mawili, Corrib na Mask.

Wageni wanaofika Cong huoneshwa kwanza magofu ya nyumba ya watawa. Humo ndimo Rory O'Connor, Mfalme Mkuu wa mwisho wa Ayalandi, alimoishi uzeeni hadi alipofariki mwaka 1198. Kando ya mto kipo kibanda cha mawe ambamo watawa walivua samaki kupitia tundu la sakafuni. Msalaba maarufu wa Cong, uliotengenezwa yapata mwaka 1123 kwa amri ya Turlough, baba yake Rory, sasa unahifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa mjini Dublin. Wageni wengine huifuata filamu ya The Quiet Man, ambayo John Ford aliipiga hapo mwaka 1951. Sanamu ya waigizaji wake wakuu, John Wayne na Maureen O'Hara, imesimamishwa kijijini.

Lakini usiondoke kabla ya kuuona mfereji mkavu. Ulichimbwa wakati wa Njaa Kuu, iliyoanza mwaka 1845 baada ya ugonjwa kuangamiza viazi, chakula kikuu cha maskini. Watu wapatao milioni 1 walifariki, na zaidi ya milioni 1 wakaihama nchi. Serikali iliwaajiri wenye njaa kuchimba njia ya mashua kati ya maziwa hayo mawili. Mwaka 1854 kazi ya kuitengeneza njia hiyo ilisimamishwa. Ardhi ya Cong ni ya mawe ya chokaa yenye nyufa na mapango. Maji hupenya na kwenda zake chini kwa chini. Kuta za mawe yaliyochongwa kwa ustadi zingali zimesimama, ilhali mashua hazikupita.

Majina ya wafalme yameandikwa vitabuni. Ya wachimbaji wengi hayajulikani. Mfereji huo ndio kumbukumbu yao. Nawe, mwanafunzi, chunguza barabara, daraja au bwawa la kwenu, kisha uwaulize wazee: ni akina nani waliolijenga, na walilipwa nini?