Rangi ya kijani ya magari ya mbio ya Uingereza ilivyotoka Ireland

Kwa zaidi ya nusu karne, mtazamaji wa mbio za kimataifa za magari aliweza kutambua nchi ya gari kwa kuangalia rangi yake. Buluu ilikuwa ya Ufaransa, nyeupe ya Ujerumani, manjano ya Ubelgiji, nyekundu ya Italia na kijani ya Uingereza. Hata hivyo, rangi hiyo ya mwisho, ambayo Waingereza huihesabu kuwa yao, inahusishwa na jirani yao, Ireland.

Utaratibu wa rangi ulianza mwaka 1900 katika Kombe la Gordon Bennett. Walioshindana hawakuwa watu binafsi bali klabu za magari za mataifa, na kila gari lilipaswa kutengenezwa lote katika nchi iliyoliingiza. Wakati huo nyekundu ilikuwa ya Marekani.

Mwaka 1902 Mwingereza Selwyn Edge alitwaa kombe hilo akiendesha Napier. Kwa mujibu wa kanuni, nchi iliyoshinda ndiyo iliyoandaa mbio zilizofuata, lakini sheria za Uingereza hazikuruhusu mbio katika barabara za umma. Bunge la London likapitisha sheria maalumu ili zifanyike Ireland, iliyokuwa chini ya utawala wa Uingereza. Tarehe 2 Julai 1903, magari 12 yalishindana katika barabara za kuzunguka mji wa Athy, Kaunti ya Kildare. Kwa maelezo yaliyozoeleka, magari ya Uingereza yalipakwa kijani kwa heshima ya wenyeji, ambao nembo yao ni jani la shamroki.

Mshindi, Camille Jenatzy, alikuwa Mbelgiji. Lakini Mercedes aliyoiendesha ilikuwa nyeupe, na kombe likaenda Ujerumani. Rangi ilifuata taifa lililoingiza gari, si uraia wa dereva.

Kijani ikadumu. Bentley za rangi hiyo zilishinda Le Mans miaka minne mfululizo, 1927 hadi 1930, na mwaka 1958 Vanwall ikatwaa ubingwa wa kwanza wa watengenezaji katika Formula 1.

Kilichovunja desturi hiyo ni fedha za matangazo. Tarehe 1 Januari 1968, huko Kyalami, Afrika Kusini, Jim Clark alishinda kwa Lotus ya kijani yenye mstari wa manjano. Katika mbio hizo hizo, John Love wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, aliendesha gari lenye rangi za sigara za Gunston. Ilipofika Mei, nchini Hispania, Lotus yenyewe ilikuwa imeacha kijani na kuvaa rangi za sigara za Gold Leaf.

Leo Ferrari ingali nyekundu, na Aston Martin ilirejea Formula 1 mwaka 2021 ikiwa ya kijani. Lakini huo ni uamuzi wa kampuni. Si tena sharti la taifa.